Unguja hadi Pemba: upande ndege, boti ya kasi au meli ya usiku?

Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, Unguja, hadi kiwanja cha ndege cha Pemba, kilichoko mashariki ya mji wa Chake Chake, kuna kilomita kama 125 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo huumaliza mwendo huo kwa nusu saa hivi. Boti ya kasi inayotoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hukata kilomita 100 na zaidi za bahari hadi Mkoani, mji wa bandari kusini ya Pemba, kwa muda wa saa mbili na nusu mpaka tatu. Meli ya usiku hung'oa nanga watu wakiwa wameshaswali Isha, na huwashusha Mkoani alfajiri au asubuhi.

Kwa wengi mjadala huishia hapo: mwenye haraka na pesa apande ndege, asiye nazo apande meli, na wa kati na kati apande boti. Naamini hesabu hiyo haimsaidii msafiri. Dakika za angani ni kipande kidogo cha safari, na nauli iliyoandikwa kwenye tiketi si gharama yote. Kuna watu wanaolipa nauli ya ndege wakaokoa saa moja tu. Kuna na wanaojinyima ndege, kumbe safari ya boti imewala siku yao nzima ya kazi na bado imewafikisha kwenye kikao wamechelewa. Kinachoamua zaidi ni mahali unapoishia ukishafika Pemba, na kile ulichokibeba.

Vipimo vya ulinganisho

Nimetumia vipimo vitano kwa vyombo vyote vitatu: muda wa mlango kwa mlango, gharama yote, mzigo, hali ya bahari na hewa pamoja na usalama, na uhakika wa ratiba. Majahazi na boti za faiba zinazovuka kutokea pwani ya kaskazini sikuzitia humu. Mara nyingi hazina orodha ya abiria wala bima, na bahari ile kati ya Nungwi na Pemba si mahali pa kubahatisha roho.

Muda wa mlango kwa mlango

Chukua mtu anayeishi Michenzani, mjini Unguja, anayekwenda Chake Chake. Akichagua ndege, gari hadi kiwanjani humchukua dakika 20 au 30, kutegemea foleni. Atatakiwa awepo saa nzima kabla ya ndege kuruka. Angani ni nusu saa. Kushuka na kupewa begi ni robo saa, kwa sababu ndege ni ndogo na mizigo ni michache, na kutoka hapo hadi mjini Chake ni robo saa nyingine. Jumla ni saa mbili na nusu.

Mtu huyo huyo akichagua boti, Malindi ni karibu, dakika kumi tu. Aweke saa nzima ya kukaguliwa na kusubiri ukumbini. Baharini ni saa mbili na nusu hadi tatu. Boti ikishafunga gati Mkoani, kushuka na kuusaka mzigo kwenye rundo ni karibu nusu saa. Kisha kuna daladala ya njia namba 603 inayopanda kutoka Mkoani, ikapita Mtambile, hadi Chake Chake. Hiyo nayo ni saa moja, ukijumlisha kusubiri ijae na vituo vya njiani. Jumla ni saa tano na kitu.

Tofauti basi inakaribia saa tatu. Na hizo saa tatu hubaki vilevile kwa anayekwenda Wete, Konde au Micheweni, maana wote, wa ndege na wa boti, hupita Chake ndipo wapande kaskazini. Wa Wete atachukua 606 na safari yake itaongezeka karibu saa nyingine, lakini itaongezeka kwa wote wawili.

Sasa mpeleke mtu wetu Mkoani penyewe. Wa boti akishuka gatini na kupanda kile kilima ameshafika: saa nne, au nne na nusu, tangu alipofunga mlango Michenzani. Wa ndege anatua karibu na Chake, kisha anarudi kusini kwa gari saa nzima. Hesabu yake inafika saa tatu na nusu. Nauli yote ile ya ndege imemwokolea saa moja. Kwa watu wa Kengeja, Mwambe na Chokocho ni hivyo hivyo, kwa sababu makwao ni kusini ya kisiwa na boti huwashusha karibu zaidi kuliko ndege. Mtambile iko katikati, na huko ndege huokoa kama saa mbili. Kila unavyosogea kaskazini kutoka Mkoani ndivyo ndege inavyozidi kuwa na maana, mpaka Chake. Ukishavuka Chake faida haiongezeki tena.

Upande wa Unguja nao una hesabu yake. Mtu wa Nungwi yuko karibu na Pemba kuliko mtu wa mjini, lakini lazima ashuke kusini kwa gari ya 116 muda wa saa moja na nusu au zaidi, ndipo apande chombo kitakachompitisha tena mbele ya Nungwi. Kwake boti ya asubuhi ina maana ya kuondoka kijijini usiku, au kulala mjini kwa jamaa. Mtu wa Fumba au Kombeni yeye hupita ubavuni mwa kiwanja cha ndege kabla hajafika mjini, kwa hiyo ndege humwondolea safari nzima ya kwenda Malindi.

Meli ya usiku ukiihesabu kwa saa ndiyo ndefu kuliko zote. Ukijumlisha kupanda mapema, kupakia, mwendo wa usiku na kusubiri kushuka, unatumia saa kumi hivi kabla hujaikanyaga ardhi ya Mkoani. Lakini ni saa za usiku. Mfanyakazi aliyefunga ofisi yake Ijumaa jioni huamkia Pemba Jumamosi asubuhi, siku nzima iko mbele yake, hakuomba ruhusa kazini wala hakulipia malazi. Kwa hesabu ya siku za kazi, meli inaweza kuwa ndiyo inayookoa muda kuliko ndege ya saa nne asubuhi inayomtoa mtu ofisini katikati ya siku.

Gharama yote

Nauli hupanda na kushuka, kwa hiyo kitu cha kushika ni uwiano: ndege huwa ghali mara kadhaa kuliko boti, na meli huwa rahisi kuliko boti. Boti na meli zina madaraja. Daraja la juu la boti hukupa kiti kipana na ukumbi uliopoa, na kwenye meli kuna vyumba vya kulala kwa wanaotaka kulipia kitanda. Mkaazi hulipa nauli ya mkaazi akionyesha kitambulisho, na mgeni ana nauli yake. Ulinganishe nauli inayokuhusu wewe, usichukue ya jirani yako.

Ziko na gharama zisizoandikwa. Kwenye ndege kuna teksi ya kwenda kiwanjani, ingawa gari ya 505 inafika huko kwa nauli ndogo, na kuna gari ya kukodi upande wa Pemba, kwa sababu hapo kiwanjani hukuti msururu wa daladala kama wa Mkoani. Kuna na kilo zilizozidi, ambazo hutozwa kilo kwa kilo. Kwenye boti na meli kuna hamali wa Malindi na hamali wa Mkoani. Patana naye kabla hajainua mzigo na umwambie unaupeleka wapi hasa: gatini tu, ukumbini au mpaka kwenye gari.

Pale ambapo uwiano huu unauma kweli ni kwenye familia. Mtu mmoja anaweza kujikaza akalipa ndege. Baba, mama na watoto wanne, kwenda na kurudi, ni tiketi 12, na tofauti ya nauli inatosha kulisha sikukuu nzima.

Mzigo

Hapa vyombo vitatu vinaachana kabisa, na ndipo wasafiri wengi wanapokwama mlangoni.

Ndege nyingi za njia hii ni Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria 12 au 13. Ruhusa ya mzigo kwa kawaida ni kilo 15, pamoja na mkoba wa mkononi. Begi huwekwa kwenye mizani mbele ya macho yako. Ukishatoka nje, unaliona likisukumwa kwenye kitoroli hadi chini ya ndege, kisha linaingizwa katika sanduku refu lililobanwa kwenye tumbo la ndege, na mlango wa sanduku hilo ni mdogo. Ndiyo maana wanasisitiza begi laini. Sanduku gumu la magurudumu, hata likiwa na kilo 12, linaweza kukosa pa kuingia. Wewe mwenyewe unapanda kwa ngazi fupi ya mlango wa nyuma, unainama kidogo, unakaa pale unapoelekezwa, na usishangae ukihamishwa kiti. Kwenye ndege ya ukubwa huo uzito wa watu nao hupangwa, wala hamna dharau ndani yake.

Boti hukubali zaidi: mabegi makubwa, maboksi, ndoo za halua ya Wete, gunia moja la mihogo. Mizigo hukusanywa mahali pamoja, kwa hiyo andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika kila upande wa boksi. Maboksi ya mafuta ya kula yanafanana yote, na hapo Mkoani kila mtu ana haraka.

Meli ndiyo chombo cha mzigo. Friji, kabati, godoro, mabati, pikipiki, na kwenye meli zenye sitaha ya magari hata gari lako mwenyewe linapanda. Anayehama, anayejenga, au anayepeleka bidhaa dukani Chake hana haja ya kusumbuka kulinganisha. Msimu wa embe na mikungu ya ndizi ukifika, meli inayorudi Unguja ndiyo inayobeba vilivyo vya shamba. Doriani, kwa heri ya wenzako, usilipeleke kwenye chumba cha watu 12 angani. Lifunge vizuri ulipeleke kwenye meli, likae na mizigo.

Bahari, hewa na usalama

Njia ya bahari ina sehemu tatu, na hazifanani. Kutoka Malindi chombo huelekea kaskazini kikifuata pwani ya magharibi ya Unguja, kikipita Tumbatu hadi usawa wa Nungwi. Sehemu hii imekingwa na kisiwa chenyewe. Kisha unakuja mlango wa bahari kati ya visiwa viwili, karibu kilomita 50 za wazi. Mwisho kuna upande wa magharibi wa Pemba, nyuma ya Kisiwa Panza na Makoongwe, ambako maji hutulia tena mpaka Mkoani. Taabu yote iko kwenye ile sehemu ya kati. Ukisafiri kipindi cha upepo wa kusi utaijua bila kuangalia dirishani: mazungumzo yanapungua, watoto wanalazwa mapajani, wahudumu wanaanza kupita na vifuko, na mtu aliyekuwa anakula mkate wa mofa anaufunga taratibu na kuurudisha mkobani.

Kusi hushika nguvu Juni hadi Agosti na hutoka kusini-mashariki. Kwa kuwa Pemba iko kaskazini-mashariki ya Unguja, kwenda Pemba wakati wa kusi mawimbi hukusukuma kwa nyuma au ubavuni. Chombo huyumba, lakini hakigongi. Kurudi Unguja unayakata kwa uso, na hapo ndipo boti hupanda na kuanguka. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: kwenda ndiko kunakogonga na kurudi ndiko kulaini. Katikati, upepo unapobadilika wakati wa maleleji, bahari hulala na boti huwa raha tupu. Kwa hiyo mwenye moyo mwepesi wa bahari asidhani lazima achague chombo kimoja kwa safari zote mbili. Msimu wa kusi aende kwa boti arudi kwa ndege, msimu wa kaskazi afanye kinyume chake. Analipa ndege mara moja tu na anaikwepa ile sehemu mbaya zaidi.

Ukipanda boti, kaa nyuma au katikati, si mbele, na sitaha ya chini kuliko ya juu. Kula kidogo saa moja kabla. Tumbo tupu ni baya sawa na tumbo lililoshiba. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kuondoka. Mkifika Nungwi umeshachelewa.

Ndege nayo ina siku zake. Masika, Machi hadi Mei, mawingu huwa mazito, na ndege ndogo hutikisika kuliko zile kubwa watu walizozizoea kwenda Dubai au Muscat. Kutikisika huko hakuzidi dakika chache, lakini kwa mwenye hofu ni dakika ndefu. Siku ya hewa safi ni kinyume chake: unaona Tumbatu yote, miamba na mafungu ya mchanga, kisha buluu nzito ya kina kirefu, kisha mikoko na vilima vya mikarafuu vya Pemba.

Kuhusu usalama nasema kwa uzito wote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Pemba kuna nyumba nyingi ambazo zinawakumbuka waliozama kila Septemba ikifika. Baada ya ajali ile ya Nungwi haikuwa rahisi hata kujua ni watu wangapi waliokuwamo, kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu. Ndiyo maana usipande kwa tiketi ya jina la mtu mwingine, na mtoto mchanga naye aandikwe, hata kama halipi. Ukiona watu wamesimama vijiani na ngazini kwa kukosa nafasi, shuka, hata kama umeshalipa. Ukishakaa, tafuta jaketi la kujiokolea lilipo na umfungie mtoto la kwake walau mara moja ajue linavyovaliwa.

Na sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wanapotangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa Unguja na Pemba, chombo kikubwa kinaweza kuondoka bado, lakini mama mjamzito na mzee mgonjwa hawana sababu ya kuwamo. Safari ikifutwa, usimlaumu nahodha.

Uhakika wa ratiba

Ndege huruka mara nyingi zaidi, karibu kila siku, lakini saa yake inaweza kusogezwa. Ndege ndogo hukusanya abiria, na baadhi ya safari huzungukia Dar es Salaam au Tanga, hivyo ile nusu saa ikawa saa mbili. Unapokata tiketi uliza kama safari ni ya moja kwa moja. Boti hushika saa vizuri bahari ikiwa shwari, ila haiendi kila siku kwa kila kampuni. Meli ina usiku wake maalumu katika wiki, na siku za mzigo mwingi kupakia huchelewesha kuondoka.

Kabla ya Idi zote mbili, wakati wa kufunga shule na msimu wa karafuu ukikolea, tiketi za boti huisha mapema na za ndege hupanda. Nunua ya kurudi pamoja na ya kwenda. Watu wengi wamekwama Mkoani siku ya tatu ya Idi kwa kudhani kurudi ni rahisi.

Kila chombo kinamfaa nani

Ndege inamfaa mtu wa kazi ya siku moja Chake au Wete, mwenye begi dogo, asiyeiweza bahari, na anayelipiwa na ofisi. Boti inamfaa msafiri wa kawaida mchana, familia, na kila mtu ambaye kwao ni kusini ya Pemba. Meli inamfaa mwenye mzigo, mwenye kutunza siku zake za kazi, na anayelala popote bila shida. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu ambacho kingetosha kwa watu wote wa visiwa hivi.

Kwa hali yako hasa

*Unakwenda msibani.* Mazishi hayasubiri. Kama kaburi ni Chake au kaskazini, uliza ndege ya kwanza. Kama ni Mkoani au Kengeja na boti inaondoka asubuhi ile ile, panda boti. Ukisubiri ndege ya mchana utafika nyuma yake.

*Una mgonjwa wa kuhamishwa.* Anayetoka Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kwenda Mnazi Mmoja, yuko karibu na gati pande zote mbili, kwa hiyo boti siku ya bahari tulivu ina mantiki. Anayetoka Wete au Chake na anaweza kukaa na kupanda ngazi fupi, ndege humpunguzia barabara na mawimbi. Asiyeweza kukaa, zungumza na daktari na kampuni kabla ya kulipa, kwa sababu mlango wa ndege ndogo haupitishi machela kirahisi. Mjamzito aliyekaribia siku zake aulize mapema, mashirika mengi hutaka barua ya daktari.

*Unaunganisha ndege ya kimataifa Unguja.* Usiunganishe siku hiyo hiyo kwa boti. Rudi Unguja jana yake. Hata kwa ndege ya Pemba, acha saa nne au tano katikati, na kumbuka kwamba sanduku la kilo 23 linaloruhusiwa kwenda Ulaya halitaruhusiwa kwenye Caravan. Litangulize kwa boti na mtu unayemwamini.

*Mnakwenda Idi kwa bibi, watu sita na zawadi.* Boti, tiketi zikiwa zimekatwa wiki mbili kabla, na mizigo mizito itangulie kwa meli. Bibi mwenyewe akitaka kurudi nanyi Unguja wakati wa kusi, yeye peke yake mkatieni ndege, na mmoja wenu amsindikize.

*Una kikao Chake saa tano asubuhi na jioni unatakiwa Unguja.* Ndege kwenda na kurudi, ikiwa ratiba ya siku hiyo ina safari ya jioni. Kama haina, meli ya usiku wa jana yake kwenda na ndege ya mchana kurudi. Utafika Mkoani asubuhi, utapata nafasi ya kuoga na kunywa chai, na 603 itakuwa imekufikisha Chake kabla ya saa nne.

*Unahama.* Meli kwa vyombo vya nyumbani, na mtu mmoja apande nayo akae karibu na mzigo. Wengine waje kwa boti siku inayofuata, wakati gari la mizigo limeshapakuliwa na nyumba ina godoro la kulalia.